Mama Atabaki na Nani?
(Sikukuu ya Familia Takatifu)



Leo Mama Kanisa anaadhimisha Sikukuu ya Familia Takatifu ya Yesu, Maria na Yosefu. Sikukuu hii huangukia ndani ya Oktava ya Noeli, na kwa sababu hiyo hutukuta wengi wetu tukiwa nyumbani tulikozaliwa. Tangu juma lililopita mabasi ya kutoka Dar es Salaam yamekuwa yakipandisha watu kuelekea Moshi, Machame, Kibosho na Rombo. Watoto wamerudi, na wajukuu wasiojua neno la Kichaga wamerudi pamoja nao. Mbuzi amechinjwa. Kesho au keshokutwa, kabla mabasi hayajaanza kuteremka, patakuwa na kikao cha familia chini ya migomba. Yatazungumzwa ya mpaka wa kihamba, yatazungumzwa ya ada za shule. Kisha, watu wakiwa wameanza kutazama saa zao, mmoja atauliza kwa sauti ndogo: "Na Mama je? Mama atabaki na nani?"

Twapenda leo kuzungumza kwa ajili ya kikao hicho.

Katika somo la kwanza twamsikia Yoshua bin Sira, mwenye hekima aliyeandika yapata miaka mia mbili kabla ya Kristo. Wengi wetu twalijua somo hili kwa sehemu yake ya mwanzo, ile ya kumheshimu baba na mama. Sehemu ya mwisho hatuitilii maanani. Mzee huyu alikwisha kuona kwamba siku yaweza kuja ambapo akili ya mzazi itapungua, naye anamtaka mwana amvumilie mzazi huyo, asimdharau kwa kuwa yeye mwana bado yu katika nguvu zake. Basi jambo tunalolizungumza si geni, wala halikuletwa na maisha ya mjini.

Na katika Injili, Luka anatupeleka Hekaluni. Tumezoea kumtazama Mtoto na kumsikiliza Simeoni. Leo, tafadhali, mtazameni yule bibi aliyesimama pembeni, nabii Ana. Luka anatuambia habari zake kana kwamba anamwandika katika daftari la parokia: jina la baba yake, kabila lake, miaka saba aliyokaa na mumewe, na kwamba ni mjane mwenye umri wa miaka themanini na minne. Anatuambia pia kwamba hakuondoka Hekaluni usiku na mchana. Hebu tujiulize swali la kijinga kidogo: je, nani alimpikia? Alilala wapi? Alipougua, nani alimletea maji? Luka haelezi. Lakini twaona kwamba bibi huyu hakukaa katika nyumba ya mwana wala ya mkwe. Alizeeka katika nyumba ya Mungu, na watu walimjua kwa jina, kwa ukoo na kwa umri, naye alikuwa na kazi yake ya kufanya. Hakuna aliyesema ametupwa. Shikeni picha hiyo, tutairudia.

Hapa hatuna budi kuungama jambo. Miaka kadhaa iliyopita, katika kipindi hiki hiki cha redio, sisi tunaozungumza nanyi tulitamka kwamba mtu anayempeleka mzazi wake katika nyumba ya kutunzia wazee amemwuza, kama wana wa Yakobo walivyomwuza ndugu yao Yosefu kwa vipande ishirini vya fedha. Mfano huo ulitupendeza sana. Baada ya majuma mawili tukapokea barua iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi. Haikuwa na jina la mtu, ilikuwa na jina la kigango tu. Mwandishi alikuwa binti aliyekuwa akimtunza baba yake aliyepooza. Hakututukana. Alitualika tu: Padre, njoo ulale kwetu usiku mmoja. Barua ile tuliiweka ndani ya droo, chini ya kalenda ya liturujia, na hatukwenda kulala popote.

Kisha zamu ikatufikia. Mama aliyetuzaa sisi, mjane aliyekwisha kuvuka miaka themanini, alianza kwa kusahau chumvi. Akatia mara mbili, mara tatu. Halafu akasahau sufuria motoni. Halafu akasahau kwamba baba yetu alikwisha kufariki, akawa kila jioni anamtengea chakula na kumkasirikia kwamba amechelewa. Dada yetu alihamia kwake. Kwa miaka sita alimwogesha, alimlisha, alimfungia mlango usiku na kutandika mkeka wake mbele ya mlango huo. Ndugu wengine walituma fedha. Sisi padre tulituma baraka na, tuseme ukweli, fedha kidogo.

Usiku mmoja wa masika mlango haukufungwa vizuri. Mama akatoka. Alfajiri jirani alimkuta katika kihamba chake, amesimama kati ya migomba bila nguo, anazungumza na watu wasioonekana. Mnajua neno lililotamkwa. Kabla jua halijapanda lilikuwa limefika dukani, na kufikia jioni lilikuwa limezunguka kijiji. Mama aliyewafundisha katekisimu nusu ya watu wa pale akawa anaitwa mchawi na hao hao aliowafundisha. Usiku ule dada yetu alitupigia simu. Siku zote hutuita kwa jina letu la nyumbani. Usiku ule alituita Padre. Akasema: "Padre, mimi nimechoka. Ama wao watamuua, ama nitatangulia kufa mimi."

Ndugu wapendwa, tuseme wazi kabla ya kuendelea. Mzee anayetangatanga usiku, anayesahau majina ya wanawe, anayewashutumu watu kwamba wamemwibia, aghalabu ni mgonjwa. Ubongo wake unaugua kama vile goti au ini linavyougua. Yapo magonjwa kadhaa ya namna hii, na madaktari huyaita kwa jina moja demensia. Lililo mashuhuri kati yao lilielezwa mara ya kwanza mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, baada ya kuuchunguza ubongo wa mama mmoja aliyekuwa amefariki. Hata hivyo, kabla ya kusema ni demensia, mpelekeni mzee hospitali, kwa maana maambukizo ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, au dawa zilizochanganywa vibaya vyaweza kumvuruga mzee akili kwa siku chache, naye akitibiwa hurejea. Na sote twafahamu yaliyowapata akina bibi wengi katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, nayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Makatekista, neno hilo likianza kuzunguka katika vigango vyenu, msingoje paroko aje. Nendeni siku hiyo hiyo, mkaketi na mzee huyo mbele ya macho ya watu, mle naye.

Basi tulianza kutafuta nyumba. Tukagundua kwamba, pamoja na digrii ya seminari kuu, hatukujua lolote. Tulidhani nyumba za wazee ni kitu kimoja. Sivyo.

Zipo makao ya serikali. Wengi mmeyasikia: Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Njoro Moshi, Kolandoto Shinyanga, Bukumbi Mwanza. Baadhi ya makao ya namna hii yalianza kama makazi ya wagonjwa wa ukoma. Hayo yamekusudiwa kwa mzee asiyejiweza na asiye na mtu wa kumtunza, na njia ya kuingia ni kupitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye huichunguza hali ya mzee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka familia mbele, na makao yawe kimbilio la mwisho. Kule Zanzibar wako wazee wa Sebleni na Welezo katika Unguja, na Limbani kule Pemba. Na Zanzibar ilikwenda mbele hatua nyingine mnamo Aprili 2016, ilipoanza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi. Tunaitaja kwa sababu mzee mwenye shilingi zake mfukoni, hata zikiwa chache, huulizwa anataka kula nini. Lakini tuwe waaminifu: familia yenye watoto watano wenye mishahara haina haki ya kumpeleka mama yao katika kitanda cha serikali kwa kumwambia afisa kwamba bibi huyu hana ndugu. Kitanda hicho ni cha mtu ambaye kweli hana.

Zipo pia nyumba za watawa. Wanaoishi Nairobi wataifahamu Nyumba ya Wazee ya Kasarani, inayotunzwa na Masista Wadogo wa Maskini. Habari ya shirika hilo yafaa kusikilizwa leo. Mwaka 1839, katika mji wa Saint-Servan huko Ufaransa, mwanamke mmoja maskini aitwaye Jeanne Jugan, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, alimchukua mjane kipofu aliyepooza, akambeba hadi chumbani kwake, akamlaza kitandani kwake mwenyewe. Yeye akahamia darini. Halafu akaongezeka mzee wa pili, na wa tatu. Jeanne akachukua kikapu, akaenda mlango kwa mlango kuwaombea chakula, na mpaka leo masista wake hupita sokoni wakiomba kwa ajili ya wazee wao. Alifariki mwaka 1879, na Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2009. Tazameni jinsi nyumba ya wazee ilivyoanza: ilianza na mtu aliyetoa kitanda chake. Wako vilevile masista wa Mama Teresa wa Kalkuta, na mashirika mengine ya hapa kwetu. Nyumba za watawa mara nyingi hazina nafasi, na nyingi huanza na maskini kabisa, jambo ambalo ni haki yao.

Na siku hizi, mijini hasa, zimeanza kuonekana nyumba za kulipia za watu binafsi. Nyingine ni nzuri, nyingine ni biashara ya vyumba tu.

Hapo ndipo penye jambo kubwa la kufahamu, nasi tulichelewa kulifahamu. Iko nyumba ya kumlaza mzee na iko nyumba ya kumwuguza. Mzee anayetembea, anayejilisha, ambaye shida yake ni upweke na paa linalovuja, anahitaji ile ya kwanza. Mzee asiyeweza kugeuka kitandani, au anayetangatanga usiku, au mwenye kisukari anayehitaji sindano kila siku, anahitaji ile ya pili, yenye muuguzi aliyesomea kazi hiyo. Kumpeleka wa pili katika nyumba ya kwanza ni kumwua polepole, hata kama ukuta umepakwa rangi nzuri. Basi katika kikao chenu, kabla ya kuuliza ni nyumba gani, aulizwe kwanza yule anayemtunza: Mama anaweza kufanya nini mwenyewe, na nini hawezi? Asiulizwe yule kaka aliyekuja na gari. Na swali la mapema zaidi ni hili: je, tukimlipa binti wa jirani asaidie mchana, na ndugu wakipokezana miezi, na jumuiya ndogo ndogo ikitoa mtu wa kulala hapo usiku mbili kwa juma, je, Mama hawezi kubaki kwake? Mara nyingi anaweza. Wengi hukimbilia nyumba ya wazee kwa sababu hakuna aliyemsaidia yule mmoja mpaka akavunjika.

Kwetu sisi ilikuwa imekwisha kuchelewa. Dada yetu alikuwa amevunjika. Tukazunguka naye nyumba tatu.

Ya kwanza ilikuwa na marumaru, maua na televisheni. Tulipokelewa kwa soda. Tulipoomba kuona vyumba vya kulala tukaambiwa kwamba wazee wamepumzika. Nayo ilikuwa saa nne asubuhi. Dada yetu alitukonyeza. Tukaondoka, tukarudi siku ile ile jioni bila kuwaarifu, na kupitia mlango wa jikoni tukamwona mzee amefungwa kwa khanga kwenye kiti. Tuliambiwa ni ili asianguke. Ya pili ilikuwa maskini. Yule mama aliyeiendesha alikuwa na moyo mzuri, na wazee walimpenda, tuliliona hilo kwa macho yetu. Lakini maji yalitoka mbali kwa madumu, na usiku palikuwa na mlinzi peke yake. Mlinzi ni mlinzi. Akianguka bibi saa nane usiku, atafanya nini? Tuliondoka kwa huzuni. Ya tatu ilikuwa ya watawa, katika mkoa mwingine, mbali kidogo.

Tuwaeleze tulivyojifunza kutazama, kwa sababu katika somo hili tulikuwa wanafunzi, na mwalimu alikuwa dada yetu.

Yeye alianza na pua. Akiingia mahali, alisimama kimya, akavuta hewa. Harufu ya mkojo ya asubuhi yaweza kuwa ajali. Harufu iliyokaa katika magodoro ni desturi. Kisha alitazama kucha za wazee na midomo yao. Midomo iliyokauka ina maana hakuna anayewapa maji, na mara nyingi hawapewi maji ili wasikojoe. Alifika saa ya chakula, hakufika saa ya wageni. Alitazama kama yule asiyeweza kujilisha analishwa polepole, au sahani inawekwa mbele yake na baada ya robo saa inaondolewa ikiwa imejaa. Aliuliza kwa muuguzi, hakuuliza kwa meneja: mzee wa kulala daima, mnamgeuza mara ngapi? Jibu la kufaa ni kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, kwa maana asipogeuzwa nyama huoza nyongani, mgongoni na visiginoni, na vidonda hivyo huua. Akaomba kuona kitabu cha dawa: nani kapewa nini, saa ngapi, na sahihi ya aliyempa. Mahali pasipo kitabu, dawa hutolewa kwa kukisia.

Lipo swali ambalo hatukuwa tumelifikiria kabisa, nalo ndilo lililoamua mambo. Dada yetu aliuliza: "Hapa kuna mtu anayejua Kichaga?" Tulimshangaa, tukadhani ni ukabila. Naye akatueleza kwamba Mama, kwa mwaka mzima, alikuwa amekipoteza Kiswahili. Kiswahili alijifunza shuleni na kanisani; ugonjwa ulikichukua kwanza kile kilichoingia mwisho, ukamwachia lugha ya mama yake. Baadaye daktari mmoja alituthibitishia kwamba ndivyo inavyowatokea wengi. Basi fikirini, ndugu, bibi wa Kihaya au wa Kimakonde katika nyumba safi, yenye muuguzi na dawa, ambaye hakuna mtu anayeelewa anapoomba maji. Wataandika katika kitabu kwamba anapiga kelele.

Sista aliyetupokea hakukijua Kichaga. Alifikiri kidogo, akaenda jikoni, akarudi na mpishi, kijana wa Marangu mwenye aproni iliyotapakaa unga. Dada yetu alilia pale pale.

Yako na mambo ya fedha na karatasi, nayo tutayapitia haraka. Makubaliano yawe kwa maandishi: kiasi gani kwa mwezi, nini kimo ndani yake na nini hakimo, nani atalipa mzee akipelekwa hospitali, na itakuwaje ndugu wakishindwa kulipa. Yeyote atakayetaka mzee aliyepoteza kumbukumbu aweke dole gumba juu ya karatasi ya shamba au ya benki, awe mwenye nyumba au awe mwanawe wa kumzaa, mwogopeni. Tumeona hati za vihamba zikihama katika juma ambalo mzee anahama.

Swali la mwisho wengi huona aibu kuliuliza. Ulizeni hivi: mzee wa mwisho aliyefariki hapa, alifia wapi? Nani alimshika mkono? Padre au mchungaji au shehe wake aliitwa? Amezikwa wapi? Nyumba njema hukumbuka jina lake. Wakianza kutafuta katika faili, mmekwisha kujibiwa. Na kwa sisi Wakatoliki, mkumbuke kwamba Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa haungoji saa ya kukata roho. Mwamini anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au kwa uzee aweza kuupokea, na kuupokea tena hali ikizidi. Katekista mwenye nyumba ya wazee katika eneo lake, hata kama nyumba hiyo si ya Kanisa, awe na orodha ya Wakatoliki waliomo, na paroko aipate. Nasi mapadre tusiseme kwamba hatukuambiwa.

Mtu atatuuliza: na Korbani je? Mnakumbuka jinsi Bwana wetu alivyowakemea wale waliotangaza kwamba mali yao imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiitumie kwa baba na mama. Hapa tunasema kinyume cha maslahi ya parokia yetu, na mhazini atusamehe. Anayeleta mchango mnono wa ujenzi wa kanisa huku mama yake amelala juu ya godoro bichi, arudi nalo fungu lake akanunue godoro. Kadhalika anayelipa nyumba ya wazee kila mwezi kwa simu na hajafika huko tangu Pasaka: huyo naye amelipa Korbani yake.

Lakini huko Kalvari twaona jambo jingine. Bwana wetu alijua kwamba hatabaki kumtunza mama yake. Angali na pumzi, katika mateso, alipanga. Alimtaja mtu, na mtu huyo hakuwa mtoto wa Maria. Naye Yohane alimchukua nyumbani kwake tangu saa ile. Hakuwaachia mitume waamue wenyewe baadaye. Kukabidhi mama kwa mikono ya mtu mwingine, ukimjua mtu huyo, ukimtazama usoni, kumewahi kufanywa na Mwana mwema kuliko sisi sote.

Mama yetu alikaa kwa watawa mwaka mmoja na miezi minne. Juma la kwanza alikataa ugali, akakataa wali, akatema uji. Yule kijana wa Marangu akampikia mtori, na tangu siku hiyo alikula kutoka mkononi mwake tu. Walimpa kazi: kila asubuhi waliweka mbele yake sinia la maharage ayachambue, naye aliyachambua kwa makini sana, na jioni sista aliyachanganya tena. Tulipoiona kazi hiyo mara ya kwanza tulikasirika, tukaona wanamchezea. Baadaye tukamkumbuka Ana Hekaluni. Dada yetu alilala usingizi wake wa kwanza kamili baada ya miaka sita, akaugua kwa mwezi mzima kana kwamba mwili ulikuwa ukingoja ruhusa, akapona, akawa anakwenda kila Jumamosi ya pili na kukaa hadi jioni. Sisi tulikwenda mara chache kuliko ilivyotupasa. Hilo tumekwisha kuliungama kwa padre mwenzetu, na malipizi tuliyopewa yalikuwa kwenda.

Siku moja tuliingia tukiwa tumevaa kanzu. Mama alitutazama kwa muda mrefu, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni. Kisha akamgeukia mpishi, akamwuliza kwa Kichaga mtu huyu ni nani. Kijana akamwambia ni padre. Mama akafikiri, akauliza tena: "Ana mama?" Kijana akatutazama sisi, kisha akamjibu: "Anaye." Mama akatikisa kichwa, akaridhika, akarudi kwenye maharage yake.

Alifariki alfajiri ya Jumapili. Dada yetu alikuwapo, kwa sababu sista alimpigia simu Ijumaa na kumwambia aje, asingoje Jumamosi yake. Tumemzika kihambani, kando ya baba yetu aliyekuwa akimtengea chakula, na majirani wote walikuja; hata yule aliyelitamka neno lile alikuja, akabeba mawe ya kaburi.

Mwezi ule ule tulifungua droo, tukaitafuta barua. Tulikwenda katika kigango kile, tukauliza. Binti tulimpata. Baba yake alikuwa amekwisha kuzikwa miaka minne. Tulimwomba radhi sebuleni kwake, naye alitupa chai, akatuonyesha mahali ambapo kitanda kilikuwa, na jinsi alivyokuwa akimgeuza peke yake kwa kutumia shuka. Tunazungumza leo kwa idhini yake.

Na sasa tuna neno kwenu ninyi wazee mnaotusikiliza, mkiwa na redio kando ya mto, nyumbani au katika makao yoyote yale. Watoto wenu wamekuja Noeli. Msingoje wao waanze. Ninyi mlio na kumbukumbu bado, leo baada ya chakula waiteni, mseme mnachotaka: mngependa kukaa na nani, nani hamtaki akae nanyi, mnapenda chakula gani, mtazikwa wapi, na ni lugha gani mnataka kuombewa mtakapokuwa hamwezi kujibu. Mjukuu mwenye mwandiko mzuri aandike. Paroko au katekista anaweza kuweka sahihi kama shahidi, nasi tunawaomba makatekista wasikatae wakiitwa mchana wa leo, hata kama wamechoka na ibada za sikukuu.

Tumsifu Yesu Kristo.